Wasomaji Wanauliza: Tochi ya LED Inayofika Mbali

Barua za msimu huu zimejaa swali moja kwa sura nyingi, yaani namna ya kuchagua tochi yenye mwanga mkali unaofika mbali kwa matumizi ya nje. Tumechagua barua nne zinazotoka katika kazi tofauti, kwa sababu tochi inayomfaa mlinzi wa shamba inaweza isimfae kabisa mpanda mlima.

SWALI: Mhariri, salaam. Sisi ni wakulima wa mahindi na pamba katika Wilaya ya Bunda, upande unaopakana na Hifadhi ya Serengeti. Mahindi yanapoanza kukomaa tembo huingia usiku, nasi hulinda kwa zamu. Tochi tulizo nazo zinamulika vizuri hatua chache tu mbele, ilhali mwisho wa shamba uko kama mita 250 kutoka kwenye dungu. Dukani tumeonyeshwa tochi moja iliyoandikwa lumeni 3,000, na nyingine ya lumeni 1,000 ambayo bei yake ni kubwa zaidi. Muuzaji hakuweza kutueleza sababu. Tuchukue ipi?

JIBU: Ndugu wakulima, kwa kazi mliyoieleza, inawezekana kabisa kwamba ile ya lumeni 1,000 ndiyo itakayowafaa, na sababu yake ni muhimu kuielewa kabla hamjatoa fedha ya kikundi.

Lumeni hupima jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye tochi, bila kujali unaelekea wapi. Kipimo kinachoeleza ukali wa mwale katika mwelekeo mmoja huitwa kandela, na ndicho kinachoamua mwanga utafika umbali gani. Maji yaleyale ya bomba yakipita katika mpira wazi huanguka miguuni, lakini ukiubana mdomo wa mpira kwa kidole hufika mwisho wa bustani, na mwanga nao hufuata kanuni ya namna hiyo. Tochi ya lumeni 3,000 inayotawanya mwanga wake kila upande inaweza kuwa na kandela 10,000 tu, na ile ya lumeni 1,000 inayoukusanya mwanga wake katika mwale mwembamba ikawa na kandela 90,000.

Tangu mwaka 2009 kuna kiwango cha Marekani kiitwacho FL 1, ambacho watengenezaji wengi makini wa tochi hukifuata hata wanapouza nje ya nchi hiyo. Kiwango hicho kinasema kwamba umbali wa tochi ni pale ambapo mwanga wake umepungua hadi kufikia robo ya laksi (kipimo cha mwanga unaoangukia juu ya kitu), mwanga unaokaribiana na ule wa mbalamwezi ya mwezi mpevu usiku usio na mawingu. Hesabu yake mnaweza kuifanya wenyewe kwa simu: tafuteni kipeuo cha pili cha kandela, kisha zidisheni kwa 2. Kandela 10,000 zina kipeuo cha 100, kwa hiyo tochi hiyo hufika mita 200. Kandela 90,000 zina kipeuo cha 300, na tochi yake hufika mita 600. Mtaona pia kwamba ili umbali uongezeke mara mbili, kandela hazina budi kuongezeka mara nne, na hii ndiyo sababu tochi za kumulika mbali hupanda bei haraka.

Hata hivyo, mita 600 za kwenye kasha hazimaanishi kwamba mtatambua mnyama aliye umbali wa mita 600. Mwanga wa mbalamwezi unatosha kuonyesha kwamba kuna kitu kikubwa, lakini hauwezi kukuhakikishia kama ni tembo, ni ng'ombe aliyekatika kamba, au ni kichaka. Ushauri wangu ni kuchukua umbali mnaouhitaji na kuuzidisha mara mbili, kwa kuwa katika nusu ya umbali ulioandikwa mwanga unakuwa na nguvu mara nne zaidi, na hapo umbo na mwendo wa mnyama huonekana vizuri. Kwa mita 250 zenu, tafuteni tochi iliyoandikwa mita 500 au zaidi, yaani yenye kandela zisizopungua 62,500. Ikiwa kasha linataja lumeni peke yake, bila kandela wala mita, mimi binafsi nisingeinunua kwa kazi hii.

Umbo la tochi nalo linasema mengi. Itazameni kwa mbele ikiwa imezimwa. Tochi ya kumulika mbali huwa na taa moja ndogo ya LED iliyokaa katikati kabisa ya kikombe kipana, kirefu na laini kama kioo. Mkiona taa nyingi zimepangwa pamoja, au kikombe kifupi chenye ukuta wa vipele kama ganda la chungwa, hiyo imetengenezwa kwa kutandaza mwanga karibu. Zipo pia zile zinazovutwa kichwa mbele ili kukaza mwale. Zikikazwa hadi mwisho hutoa doa la pembe nne, nalo ni sura ya taa yenyewe, lakini sehemu kubwa ya mwanga hupotelea ndani ya kichwa, na mara nyingi vumbi na maji huingia kwa urahisi kupitia pale panapovutwa. Muuzaji akikubali, jaribuni usiku mahali pa wazi. Asipokubali, zimulikeni tochi zote mbili ukutani katika chumba chenye giza, kutoka umbali uleule wa mita 5 hivi, mkatazame doa la katikati peke yake: lililo kali zaidi ndilo litakalofika mbali, hata kama tochi nyingine inajaza chumba chote mwanga.

Naomba niwatahadharishe kuhusu maandishi ya lumeni 50,000 au 100,000 yanayobandikwa kwenye tochi ndogo za betri moja zinazobebwa mkono mmoja. Ule ni uongo, na unamuumiza mkulima anayechanga fedha yake kwa shida. Balbu moja ya kawaida ya halojeni ya taa ya gari, aina ya H7, hutoa takriban lumeni 1,500 kwa wati 55. LED ni bora zaidi, lakini hata tukiihesabia lumeni 100 kwa kila wati, lumeni 100,000 zingehitaji wati 1,000, sawa na pasi ya umeme. Betri moja nzuri ya ukubwa wa 18650, ile ya lithiamu inayotumika katika tochi nyingi, ina nishati ya wati-saa 12 na nusu hivi, kwa hiyo hata kama ingeweza kutoa nguvu hiyo bila kuungua, ingeisha kabla ya dakika moja.

Tazameni pia namna muda wa kuwaka unavyohesabiwa. Katika kiwango nilichokitaja, saa huhesabiwa hadi mwanga ubakie asilimia 10 ya ule wa mwanzo, kwa hiyo tochi iliyoandikwa saa 5 inaweza kuwa kali kwa dakika chache tu, kisha ikateremka na kuwaka hafifu kwa muda wote uliobaki. Kuteremka huko kwa kawaida si ubovu. Sehemu kubwa ya umeme unaoingia kwenye LED hugeuka kuwa joto, na tochi ndogo isipopunguza nguvu yake itajiunguza. Ndiyo maana tochi yenye kichwa kikubwa cha alumini chenye mifereji hudumu na ukali wake kwa muda mrefu kuliko ndogo yenye lumeni zilezile. Kwa zamu ya usiku, utaratibu unaofaa ni kumulika kwa nguvu kubwa kwa sekunde chache kila baada ya muda, kukagua mipaka ya shamba, na kuizima.

Mwale wa mbali una gharama yake, kwa kuwa ni mwembamba. Katika mita 250 doa kali linaweza kuwa na upana wa mita 20 hivi, na anayetembea akiwa na tochi hiyo hataona vizuri shimo au nyoka aliye mbele ya miguu yake. Kikundi kingefanya vyema kununua tochi moja ya kumulika mbali ikae dunguni, na wengine wakabaki na tochi za kawaida zenye mwanga mpana kwa kutembelea.

Jambo la mwisho kwenu linahusu usalama. Tochi iwasaidie kumwona tembo mapema na kubaki mbali naye, na isimpe mtu ujasiri wa kumsogelea, kwa sababu tembo aliyekasirika hukimbia kuliko binadamu yeyote shambani. Katika vijiji vya kaskazini mwa Tanzania, vikundi vya ulinzi wa mashamba vilivyofundishwa na shirika la Honeyguide huanza na tochi kali, na tembo asipoondoka huendelea na honi, kisha fataki zenye pilipili. Utaratibu huo wa hatua kwa hatua una maana, kwa kuwa tembo ni mnyama mwenye akili na huzoea kitisho kimoja kinaporudiwa kila usiku. Kaeni pamoja, mwachieni njia ya kurudi porini, na mpigieni simu askari wa wanyamapori mapema, msisubiri kundi lifike katikati ya mahindi.

SWALI: Mimi ni mlinzi wa usiku katika ghala hapa Mwanza. Tochi yangu ilikuwa kali sana nilipoinunua, ikafifia baada ya miezi michache. Nimenunua betri mpya ya 18650 iliyoandikwa 9,900 mAh, lakini haimalizi hata saa moja. Je, tochi ndiyo mbovu?

JIBU: Ndugu mlinzi, ningeanza kwa kuishuku betri kabla ya tochi. Namba 18650 inaeleza umbo lake, yaani upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, na katika umbo hilo betri nyingi za lithiamu zilizo bora sokoni huishia kwenye 3,500 mAh hivi (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kuhifadhi). Betri ya ukubwa huo inayojitangaza kuwa na 9,900 mAh inasema uongo waziwazi, na mara nyingi uwezo wake wa kweli ni mdogo kuliko hata wa betri ya kawaida iliyoandikwa kwa uaminifu. Ukiihitaji inayodumu zaidi, utalazimika kupata tochi inayotumia betri nene, aina ya 21700, ambayo huwa na 5,000 mAh hivi.

Mizani ndogo ya sonara inaweza kukusaidia. Betri halisi ya 18650 huwa na uzito wa gramu 45 hadi 50. Ukiweka yako ukaona gramu 30 au chini ya hapo, fahamu kwamba ndani yake hakuna kinachostahili bei uliyolipa. Zimewahi kupasuliwa betri za namna hiyo zikakutwa zina betri ndogo iliyozungushiwa unga wa kujazia. Kabla ya kuihukumu tochi, azima betri nzuri kwa mwenzako au kwa fundi anayeaminika, uichaji ijae, uitie. Ukali ukirudi, jibu umelipata. Usiporudi, safisha kwa kitambaa kikavu mahali betri inapogusana na chuma, kuanzia spiringi hadi nyuzi za kifuniko cha nyuma, kwa sababu kutu na uchafu hapo huzuia umeme mwingi ambao mwanga mkali unauhitaji.

Betri hizi zina nishati kubwa na zinapokosewa huwaka moto, kwa hiyo nakuomba usizichezee. Chaja iwe ya betri za lithiamu, inayojikata yenyewe betri inapofika volti 4.2. Betri iliyovimba, iliyopondeka au iliyochanika plastiki yake ya nje isirudishwe kwenye chaja. Usichaji juu ya godoro wala karibu na magunia ya ghala, na betri ya akiba usiibebe mfukoni pamoja na funguo au sarafu, kwani chuma kikiunganisha ncha zake mbili utaungua paja.

Kama mwenzako wa zamu anatumia zile tochi kubwa za plastiki zinazochomekwa moja kwa moja ukutani, nyingi zake zina betri ya asidi na risasi ya volti 4, na masharti yake ni tofauti. Hiyo huuawa na kukaa bila chaji. Ikitumika usiku, ichajiwe asubuhi inayofuata, hata kama ilitumika kidogo, na isiwekwe kabatini ikiwa tupu kwa wiki kadhaa.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni binti ninayejifunza kazi ya kuongoza watalii Mlima Kilimanjaro. Nataka kununua tochi inayomulika mbali kuliko zote kwa ajili ya usiku wa kwenda kileleni. Nichague ipi?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Kwa usiku ule usinunue tochi ya aina hiyo. Safari ya kutoka kambi ya Kibo au Barafu huanza karibu na saa 6 usiku ili wageni wafike Uhuru, mita 5,895, kwenye mapambazuko, na katika saa zote hizo unachokihitaji ni kuona jiwe litakalofuata na nyuso za watu unaowaongoza. Taa ya kichwani yenye lumeni 100 hadi 200, mwanga mpana, na mikono yako miwili ikiwa huru kwa fimbo na kwa mgeni anayeyumba, inakutosha. Mwale mkali ungewapofusha wenzako kila unapogeuka nyuma, na wingu likishuka ungekurudia machoni kama ukuta mweupe.

Fedha utakayookoa itumie kwenye betri. Baridi kali hudhoofisha betri za kawaida za alkali kuliko zote. Kama taa yako inaruhusu, tumia betri za lithiamu zisizochajiwa, ambazo huvumilia baridi vizuri sana, na za akiba ziweke ndani ya koti, karibu na mwili, wala usiziache kwenye begi la mgongoni. Tochi ndogo ya kumulika mbali ina nafasi yake, hasa kumtafuta mgeni aliyepotea njia au kuita kundi jingine kwa ishara, lakini ikae mfukoni hadi ihitajike.

SWALI: Asalaamu alaykum. Mimi ni nahodha wa mashua ya uvuvi, Mkoani, Pemba. Natafuta tochi ya kuona boya la nyavu na miamba usiku. Nilizonunua ziliingia maji ya chumvi zikafa. Na je, mwanga mweupe wa kibuluu ni bora kuliko wa manjano?

JIBU: Waalaykumu salaam, nahodha. Kwanza angalia alama ya kinga ya maji kwenye kasha. IPX4 inamaanisha kwamba tochi inavumilia kurushiwa maji tu, na hiyo haitoshi baharini. IPX7 hujaribiwa kwa kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30, na IPX8 huenda chini zaidi kwa kina anachokitaja mtengenezaji. Chukua IPX7 kwa uchache. Lakini majaribio hayo hufanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na adui wako wewe ni chumvi inayokauka kwenye nyuzi za kifuniko. Kila mkirudi pwani, hakikisha kifuniko kimekazwa, isuuze tochi kwa maji ya kisima, ikaushe, kisha ndipo uifungue. Ule mpira mwembamba wa duara kwenye nyuzi upakwe grisi ya silikoni mara kwa mara, na ukikatika tochi haizuii maji tena, hata kama inaonekana mpya. Tochi inayochajiwa kwa tundu la pembeni lenye kifuniko cha mpira naiona ni udhaifu kwa kazi yako. Afadhali inayotolewa betri ikachajiwa nje.

Kuhusu rangi, LED nyeupe nyingi hutengenezwa kwa taa ya buluu iliyofunikwa kwa unga wa manjano, na unga ukiwa kidogo mwanga hutoka na ubuluu na kupata lumeni nyingi zaidi kwa betri ileile. Hiyo ndiyo sababu matangazo huipenda. Machoni, kwenye ukungu na rasharasha za maji, mwanga huo huchosha na rangi za vitu hufifia, kwa hiyo mimi ningechagua mweupe wa wastani, ulioandikwa kati ya 4,000K na 5,000K (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, na namba ikipanda ubuluu huongezeka). Hata hivyo tofauti ya rangi ni ndogo ukiilinganisha na namna ya kuishika tochi. Usiimulike ukiwa umeiweka usawa wa macho, kwa sababu matone yote yaliyo kati yako na boya yatakurudishia mwanga. Ishushe chini ya kiuno na uitoe pembeni, nje ya ukingo wa chombo, na boya litaonekana ambapo awali ulikuwa unaona weupe mtupu.

Kwa boya lenyewe, zungushia utepe unaorudisha mwanga, wa aina inayobandikwa nyuma ya malori. Utepe huo hurudisha mwanga kuelekea ulikotoka, kwa hiyo boya lenye utepe utaliona kwa tochi ya kawaida kutoka mbali sana kuliko boya tupu kwa tochi ya bei kubwa. Miamba iliyo chini ya maji, kwa upande mwingine, usiitegemee tochi kuionyesha ukiwa umekaa chomboni, kwa kuwa mwale unaogonga maji kwa ulalo hurudishwa juu sehemu kubwa. Hapo ni uzoefu wako wa mkondo na maji kupwa na kujaa utakaokuongoza.

Nakuomba pia uwakataze vijana wako kuwamulika manahodha wengine usoni. Jicho lililozoea giza huhitaji dakika 20 hadi 30 kurudia uwezo wake kamili baada ya kupigwa na mwanga mkali, na katika muda huo mwenye chombo kile anaweza asiione mashua isiyo na taa iliyo mbele yake. Mkitaka kuitana, elekezeni mwale kwenye tanga lenu wenyewe. Litang'aa, na watawaona.